Kukosa usingizi na kuogopa kulala: mambo ya kujua, Kakontwe na kwingineko

Karibu na saa 4 za usiku (22h00), Kakontwe inaanza kunyamaza. Redio zinazimwa, moto wa mbabula unamwagiwa maji, milango ya parsele inafungwa kwa kufuli. Kwa wengi ni saa ya kupumzika. Kwa wengine ndiyo saa shida inaanza: wanapanda kitandani na moyo unapiga mbio. "Leo tena sitalala." Kwa kweli woga ulikuwa umekwisha kuingia mapema zaidi, magaribi, wakati bukari ilikuwa ingali jikoni.

Kakontwe ni kartie ya Likasi inayojulikana kwa mapango na mawe yake ya chokaa. Majiolojia wanayaita "calcaire de Kakontwe", na jina hilo limevuka mpaka hadi Zambia, kwa kuwa mawe ya namna ileile yanapatikana upande ule pia. Kuhusu usiku, wakaaji wake hawana tofauti na wale wa Kalemie, Uvira ao Goma. Maneno ni yaleyale: "Macho iko waziwazi", "Kichwa inatembea", "Niko na mawazo mingi", "Minaogopa kulala, balozi banaweza kunikamata".

Maneno hayo yote hayasemi kitu kimoja. Yakichanganywa, mtu anatafuta dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Usiku mbaya si lazima uwe ugonjwa

Mtu akifiwa, mtoto akiwa na malaria, Septemba ikifika na minerval haijapatikana, kulala kidogo siku chache ni jambo la kawaida. Linapita lenyewe. Madaktari wanaanza kusema juu ya ugonjwa wa muda mrefu wakati mtu anashindwa kushika usingizi, ao anaamka katikati ya usiku na kubaki macho, ao anaamka mapema mno, angalau siku 3 kwa juma, kwa miezi 3 ao zaidi, na mchana anaumia: amechoka, anakasirika bure, anasahau alichotumwa. Tena ni lazima awe na nafasi ya kulala. Mama anayeamka saa 9 za usiku kuchota maji kwa sababu bomba linatoa saa hiyo tu, huyo hana ugonjwa wa usingizi. Ana shida ya maji.

Woga nao uko wa namna mbili. Kuna mtu anayeogopa kutolala: anahesabu saa, anafikiria kazi ya kesho, anaona mwili wake utaharibika. Na kuna mtu anayeogopa kulala kwenyewe: anaogopa ndoto, wezi, kufa bila mtu kujua, ao kitu kinachomkalia juu ya kifua. Wa kwanza anautamani usingizi na unamkimbia. Wa pili anausikia unakuja, anaufukuza.

Sentineli asiyekubali kulala

Kinacholeta usingizi mwilini ni mambo mawili. La kwanza ni uzito wa kukaa macho. Tangu mtu anapoamka, kitu kinachoitwa adenosini kinakusanyika ndani ya ubongo, na kadiri saa zinavyopita uzito unaongezeka, sawa njaa inavyoongezeka kwa mtu asiyekula. Kahawa na chai kali hazipunguzi uzito huo, zinauficha tu. Na zinakaa mwilini: masaa 5 hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini ingali ndani ya damu. La pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga wa jua na kumwambia mtu sasa ni mchana, sasa ni usiku.

Hayo mawili yangetosha, kama hakungekuwa pia na mlinzi. Kila mtu ana sentineli ndani yake, ambaye kazi yake ni kumwamsha wakati wa hatari: anapandisha mapigo ya moyo, anakaza misuli, anafungua masikio. Ni mlinzi mzuri, ila hana akili ya kutenganisha mwizi wa kweli na wazo la mwizi, wala simba na deni. Mtu akilala huku akijiambia "nisipolala nimekwisha", sentineli anasikia neno moja: hatari. Anawasha taa zote. Mtu anaona hajalala, anaogopa zaidi, na sentineli anaongeza ulinzi. Baada ya majuma machache kitanda chenyewe kimekuwa alama ya hatari. Ndiyo sababu mtu anasinzia vizuri juu ya kiti mbele ya televizyo, kisha akigusa godoro macho yanafunguka.

Kuamka usiku si kosa la mwili. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyofanya kati ya Wahadza, wawindaji wanaoishi karibu na ziwa Eyasi, Tanzania. Walipima usingizi wa watu wazima 33 kwa siku 20 hivi. Kwa muda huo wote, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mtu aliyeamka, anayegeuka, anayesikiliza. Watafiti hao wanafikiri ndivyo wanadamu walivyolindana tangu zamani. Na Wahadza wenyewe hawakulalamika kwamba wanalala vibaya.

Kila usiku usingizi unakwenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90, na kati ya mzunguko na mzunguko mtu anaweza kufungua macho kidogo. Mwenye amani anageuka na kuendelea. Mwenye woga anauliza: "Ni saa ngapi?" Anawasha telefoni kutazama. Usiku wake unavunjikia hapo.

Namna Likasi inavyoharibu usingizi

Mji huu ulijengwa juu ya kazi ya posti. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa umeme mwaka 1929, wakati wa Union Minière, na kazi ya namna hiyo haisimami usiku. Baba anafanya posti ya usiku juma moja, ya asubuhi juma linalofuata. Saa ya mwili inahitaji siku nyingi kufuata mageuzi hayo, na mara inapokaribia kuzoea, posti inageuka tena. Kisha anarudi kulala mchana ndani ya nyumba ya mabati yenye joto, na watoto wanacheza chini ya dirisha.

Halafu kuna jambo lisilosemwa sana. Kuanzia mwaka 2003 Gécamines, kwa pesa za Banki ya Dunia, iliacha watumishi zaidi ya 10,000 waende kwa njia ya "départs volontaires". Yalisemwa mengi juu ya pesa walizopata ao walizokosa, na bado yanasemwa. Yalisemwa machache juu ya saa. Mtu aliyeamka saa 11 za asubuhi kwa miaka 25 alijikuta hana sababu ya kuamka, analala kidogo mchana kwa ajili ya huzuni, na usiku uzito wa kutosha wa kumwangusha haupo. Kupoteza saa ya kuamka ni kupoteza msumari ambao usingizi wote umetundikwa juu yake.

Macreuseur wana yao. Anayeingia ndani ya shimo la mgodi, na ambaye siku moja aliona udongo unafunika mwenzake, hawezi kuambiwa tu "fumba macho". Giza lenyewe linamrudisha shimoni. Ni vilevile kwa wale waliovamiwa na majambazi usiku, na kwa wazee wanaokumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa na kulala siku nyingi kwenye gare ya Likasi zikingoja treni. Huko Kivu na Ituri, ambako milio ya bunduki si kumbukumbu ya zamani, mtu asiyelala si mgonjwa wa kushangaza: sentineli wake alijifunza kazi kwa sababu.

Mengine ni ya kila siku na yanajulikana. Umeme wa SNEL ukikatwa mchana na kurudi usiku, ndipo watu wanapiga pasi na kuchaji telefoni. Veyé ya sala upande huu, matanga yenye muziki upande ule. Mbu wakati wa mvua.

"Balinikalia pa kifua"

Hili ndilo linaloogopesha kuliko yote, na ndilo linaloleta hatari ndani ya familia. Mtu anaamka, macho yanaona chumba, lakini mwili haujongei. Hawezi kuinua mkono wala kuita. Anasikia uzito juu ya kifua, pumzi inakuwa ndogo, na mara nyingi anahisi kuna mtu ndani ya chumba. Wengine wanaona kivuli, wengine wanaona hata sura ya mtu wanayemjua. Baada ya sekunde chache, ao dakika moja ao mbili, inaisha. Waswahili wa pwani wanaiita jinamizi. Kakontwe wanasema balozi.

Kinachotokea kinaelezeka. Wakati wa ndoto, ubongo unafunga misuli ya mikono na miguu ili mtu asiinuke na kutenda anachokiota. Mara nyingine mtu anaamka kabla kufuli hiyo haijafunguliwa. Akili iko macho, mwili ungali ndani ya ndoto, na ndoto yenyewe inaendelea kumwagika ndani ya chumba cha kweli. Kifua kinasikika kizito kwa sababu misuli inayosaidia kupumua kwa nguvu nayo imefungwa. Pumzi yenyewe haikatiki. Watafiti waliokusanya kazi za inchi mbalimbali waliona karibu watu 8 juu ya 100 wamepatwa na jambo hili angalau mara moja katika maisha. Linawajia zaidi wale wanaolala kidogo, wanaobadilisha masaa, na wanaolala chali. Mtu wa posti ya usiku mara nyingi ana mawili ya kwanza.

Mtu anaweza kuendelea kuamini analoamini juu ya bulozi. Lakini kumtaja jirani, ao mtoto wa kambo, ao nkambo anayelala chumba cha nyuma, kwa sababu ya sura iliyoonekana katika hali hiyo, ni jambo lingine. Zanzibar iliona mwaka 1995 namna woga huo unavyotembea. Uvumi ulienea Pemba, kisha Unguja, kwamba pepo anayeitwa Popobawa anakandamiza watu usiku vitandani mwao. Familia nzima zilikesha nje kuzunguka moto ili zisilale ndani. Wengine wanaona siasa ya uchaguzi wa mwaka ule ndani yake, wengine wanaona jinamizi lililokuzwa na maneno ya watu. Lakini mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani ndiye.

Kongo ina sheria juu ya hili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa bulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu. Mchungaji ao mufumu anayesema "ni huyu mtoto anayekukalia usiku" anavunja sheria ya inchi.

Kwa anayepatwa na jinamizi, njia fupi ni hii: asipigane na mwili mzima. Ajaribu kujongeza kidole kimoja cha mguu ao ulimi, apumue polepole, ajiambie jina la kitu hicho. Alale kwa upande. Na alipe deni la usingizi, kwa sababu kadiri anavyokesha kwa kuliogopa ndivyo linavyorudi.

Kustuka kama mtu anayeanguka kutoka juu, wakati usingizi unaanza, ni kitu kingine na hakina hatari yoyote. Ni misuli inaachilia. Karibu kila mtu anakijua.

Woga wenye haki

Kuna woga ambao haupaswi kutulizwa, unapaswa kusikilizwa. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ni kali. Familia zinaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba na kufunga dirisha. Makala inayowaka inatoa gazi isiyo na harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni, inayokamata damu mahali pa hewa safi. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasinzia, haamki. Jenereta ndani ya nyumba ao kwenye veranda iliyofungwa inafanya vilevile. Anayeogopa kulala karibu na mbabula inayowaka ana haki kabisa. Itoke nje kabla ya mtu yeyote kulala, hata kama moto unaonekana umekufa.

Vilevile anayekoroma kwa nguvu, ambaye mke wake anasema pumzi inasimama kisha inarudi kwa kishindo, na ambaye anasinzia mchana hata akiendesha motari, amuone daktari. Huyo koo lake linafunga usiku, na vidonge vya usingizi vinaweza kumzidishia. Anayeamka akikosa pumzi mpaka akae, ao mwenye miguu iliyovimba, aangaliwe moyo. Na malale, ambayo bado inaonekana Kongo kuliko inchi nyingine yoyote, haifanyi mtu alale tu: inageuza masaa, mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Aliyeishi ao kupita mahali penye mbung'o, akiwa na homa zinazorudi, aliseme hilo kwa daktari.

Vidonge na chupa

Valium inauzwa katika vifarmasi vidogo bila karatasi ya daktari, mara nyingine kidonge kimoja kimoja. Siku za kwanza inafanya kazi, ndiyo sababu inapendwa. Baada ya majuma machache mwili umezoea, kidonge kimoja hakitoshi, na mtu akiacha ghafula usingizi unakimbia vibaya kuliko mwanzo. Aliyeitumia kwa wingi na kwa muda mrefu anaweza hata kupata kifafa. Aliyekwisha kuzoea asikate siku moja. Apunguze polepole na daktari. Kuchanganya Valium na lutuku ao na Tramadol kunaweza kusimamisha pumzi.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, katika maelekezo yake ya mwaka 2013, linasema vidonge vya jamii ya Valium visitolewe kwa ajili ya kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Hilo linawahusu sana watu wa mashariki ya Kongo, ambao mara nyingi kitu cha kwanza wanachopewa baada ya kukimbia vita ni kidonge.

Pombe inamwangusha mtu haraka, kisha inamwamsha saa 8 za usiku na kiu na moyo unaopiga. Na wasichana wanaomeza dexamethasone ili wanone wajue kwamba inafukuza usingizi, pamoja na mabaya mengine yake. Dawa fulani za VVU nazo zinaweza kuleta ndoto nzito. Mtu asiziache kwa sababu hiyo. Infirmieri anaweza kubadilisha saa ya kumeza.

Namna ya kuungojea

Njia iliyopimwa zaidi haiuzwi farmasi. Ni kufundisha mwili upya kwamba kitanda ni mahali pa kulala. Sheria zake za kwanza ziliandikwa na mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin mwaka 1972, na tangu 2016 chama kikubwa cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kinashauri njia ya jamii hii ijaribiwe kabla ya vidonge.

Sheria ni ngumu kwa urahisi wake. Mtu apande kitandani wakati macho ni mazito tu, si kwa sababu saa imefika. Akiona dakika kama 20 zimepita (asitazame telefoni, akadirie tu) na usingizi haupo, atoke kitandani. Asibaki kugeuka. Afanye kitu kisicho na haraka mpaka asinzie, kisha arudi. Ikibidi, mara nne kwa usiku. Asubuhi aamke saa ileile, hata Jumapili, hata kama alilala saa mbili tu.

Vitabu vya Ulaya vinasema "uende chumba kingine". Kakontwe chumba kingine mara nyingi hakipo, na kutoka nje usiku si salama. Kiti kidogo chini ya ukuta kinatosha, ao mkeka kwenye pembe. Kitu muhimu ni mgongo uache godoro. Kazi nzuri ya saa hiyo ni ile inayochosha bila kuamsha: kuchagua maharagi, kukunja nguo, kushona tundu la shati. Taa iwe ndogo. Bougie isiwekwe karibu na chandarua. Telefoni hapana, kwa sababu ya mwanga wake na zaidi kwa sababu ya maneno yaliyo ndani yake. Na mwenzi wa kitandani aambiwe mapema, mchana, ili asidhani kuna ugomvi: "Mama, ukiniona nimekaa pale, usistuke. Nangojea usingizi."

Hatua ya pili inapingana na kile kila mtu anachofanya. Mtu aliyelala vibaya anapanda kitandani mapema ili apate nyongeza. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake, wa Marekani pia, walionyesha kinyume: ni afazali kupunguza muda wa kitandani. Tuchukue mfano wa baba anayelala kweli masaa 5 na nusu lakini anakaa kitandani tangu saa 2 za usiku mpaka saa 12 asubuhi. Masaa zaidi ya 4 anayatumia kujifunza kuogopa. Huyo asilale kabla ya saa 6 za usiku na aamke saa 11 na nusu. Siku za kwanza ni mateso, mchana anasinzia. Baada ya juma moja ao mawili usingizi unakuja mzito na wa kuendelea, ndipo anaongeza robo saa, tena robo saa. Asishuke chini ya masaa 5. Njia hii haimfai mwenye kifafa, wala yule ambaye akili yake iliwahi kupanda kwa kukosa kulala, wala anayeendesha lori ao kushika mashine kubwa, mpaka aongee na daktari.

Kwa wale ambao woga ni wa kutolala, kuna njia inayochekesha ambayo daktari wa Austria Viktor Frankl aliizungumzia: kujikaza kukaa macho. Mtu analala gizani, macho wazi, na kujiambia kwa utulivu, "sitaki kulala, nataka kubaki macho kidogo." Hakuna tena kitu cha kushindwa, na sentineli anakosa kazi. Wengi wanalala wakiendelea kujikaza.

Mawazo ya deni na minerval yapewe saa yao, lakini mchana. Robo saa kabla ya jua kushuka, juu ya karatasi: hili naweza kulifanya kesho, hili namuulizia yaya, hili haliko mikononi mwangu. Asiyejua kuandika amwambie mtu. Usiku wazo likirudi, linajibiwa kwamba saa yake ni kesho saa 11 za magaribi. Si uchawi, linarudi tena. Lakini linarudi na sauti ndogo.

Na mwenye ndoto mbaya inayojirudia, yule wa shimo ao wa bunduki, aichukue mchana, mahali penye watu anaowaamini, na abadilishe mwisho wake kama anavyotaka: udongo unasimama, mlango unafunguka, anatoka nje. Airudie hadisi hiyo mpya akilini dakika 10 ao 20 kila siku. Njia hii ilipimwa kwa watu waliopatwa na mabaya makubwa na iliwapunguzia ndoto wengi wao. Kama kukumbuka tu kunamtetemesha, asiifanye peke yake.

Kwa mtu wa posti, sheria zote hizo zinapinda. Miwani nyeusi wakati wa kurudi asubuhi, kitambaa kizito kwenye dirisha, kusinzia dakika 20 kabla ya kuingia kazini, na hakuna kahawa katika nusu ya pili ya posti.

Mahali pa kwenda

Kabla ya kwenda, mtu aandike kwa majuma 2: alipanda kitandani saa ngapi, anafikiri alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikunywa nini, alimeza nini. Ajaze asubuhi, si usiku. Karatasi hiyo inamsaidia infirmieri wa sante kuliko neno "silalake".

Likasi kuna hopitali kuu ya mji na hopitali ya Gécamines ya Panda. Kwa shida zinazozidi nguvu zao, Lubumbashi, karibu kilometa 120 kwa barabara, kuna kituo cha magonjwa ya akili Docteur Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo. Kwa Kivu, mabruda haohao wako Goma na kituo Tulizo Letu, na Bukavu na SOSAME. Kwenda huko si kuwa mwendawazimu. Wanapokea pia watu wanaotumika vizuri mchana na kukosa amani usiku tu.

Mambo mengine hayangoji majuma 2. Mtu anayesema ni afazali afe kuliko kupita usiku mwingine, asiachwe peke yake usiku huo, na vidonge na dawa za panya vitolewe nyumbani. Mama aliyezaa juzi, halali hata mtoto akiwa amelala, na anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe siku ileile. Na aliyekesha siku tatu ao nne bila kuchoka, anaongea bila kusimama, anagawa pesa, huyo pia, hata kama yeye mwenyewe anaapa kwamba hajawahi kujisikia vizuri hivi.